Homa ya Njiani

Wiki tatu zimepita tangu nirudishe funguo za kabati la dawa, na bado kila asubuhi mkono wangu unatafuta kipimajoto mfukoni. Mke wangu anacheka. Anasema nimestaafu miguu tu, mikono ingali kazini. Nanyi vijana mliobaki pale dispansere mmeniomba niandike nilivyoanza, nami sikungoja kuombwa mara ya pili. Vyeo nitaviacha, vimo kwenye faili langu na havijawahi kumponya mnyama yeyote. Mshahara nao tuuache, usije ukatutoa machozi bure.

Nataka kuwasimulia miezi michache tu ya mwanzo, miaka ile ya hamsini, kwa sababu kuna jambo mnalifanya kila siku bila kujua lilitoka wapi. Ng'ombe akifika kwenu, mnampa maji, mnamwacha kivulini mpaka atulie, ndipo mnampima. Mnadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo hata kidogo, na nikikumbuka ilivyobadilika moyo unanienda mbio mpaka leo.

Mimi ni mtoto wa Uvira mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara. Baba aliuza nguo, mama na shangazi zangu walianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kutia chumvi samaki wakubwa. Ng'ombe nilimjua kwenye sahani. Nilipomaliza shule, karani mmoja alikuja kutafuta kijana anayeandika vizuri Kiswahili na Kifaransa, nikainua mkono kabla hajataja kazi yenyewe. Ndivyo nilivyo, mkono wangu hutangulia kichwa. Kesho yake nikajikuta kwenye dispansere ya ng'ombe, pale kati ya barabara ya Kavimvira na ziwa, nimevaa buti za mpira zilizoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu mikubwa mara mbili ya yangu, na mbele yangu uwanja mzima wa pembe.

Niliogopa, siwafichi. Lakini nilifurahi pia, furaha ya mtoto aliyepelekwa harusini. Na ng'ombe wa kwanza kunikaribia alinyoosha shingo, akaanza kunilamba mikono. Akaja wa pili, akamsukuma mwenzake, naye akalamba. Wachungaji waliokuwa wameteremka kutoka Mulenge wakaanza kunong'ona.

"Huyu kijana iko na kitu," mmoja alisema. "Angalia, ng'ombe zinamupenda."

Nikavimba kichwa. Ndipo mzee mmoja mwembamba mwenye kamba begani akaja, akaushika mkono wangu, akaunusa.

"Iko chumvi ya samaki," aliniambia chini chini. "Usiseme. Acha wakuheshimu kwanza."

Huyo alikuwa Muzee Kashindi, na nawaambia wazi kwamba yote ninayoyajua ya maana niliyapata kwake. Alikuwa Mfuliiru aliyekulia machungani. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kufagia na kufunga wanyama. Hakujua kusoma, wala hakuona aibu. Alinifundisha kushika shina la sikio kabla ya kushika chombo chochote, kutazama kama pua ina umande, na zaidi ya yote kutazama taya.

"Ng'ombe inacheua?" aliniuliza kila asubuhi.

"Inacheua, Muzee."

"Basi iko inafikiri mambo yake. Mugonjwa hana nafasi ya kufikiri."

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Bomba la sindano la kioo na chuma, sufuria ya kuchemshia, kisu cha kwato, koleo, chupa ya iodini, na vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa na uzi mwishoni, kingine kilikosa uzi mpaka siku yangu ya nne kazini. Mfunge uzi, vijana. Sitaeleza zaidi, mwulizeni yeyote aliyewahi kuvua shati na kuingiza mkono chini ya mkia wa ng'ombe kukitafuta.

Mkubwa wetu alikuwa muuguzi wa wanyama aliyeitwa Gaspari, nasi tukimwita Shefu. Daktari Mbelgiji alikuja mara moja kwa mwezi kutoka Bukavu, akatia sahihi, akaondoka. Kwa hiyo dispansere ilikuwa Gaspari. Alikuwa na koti jeupe lisilojua doa, baiskeli yenye kengele, na ufunguo wa kabati shingoni. Watu walidhani ni mla rushwa. Hakuwa hivyo, na nasema hivi ingawa alinitesa. Kosa lake lilikuwa kuamini kioo cha kipimajoto kuliko kitu chochote chenye uhai. "Termometre haisemi uongo," alisema, na baada yake hakuna aliyefungua kinywa.

Alikuwa na kanuni tatu, zimebandikwa ukutani. Ng'ombe asiingie kivulini kabla ya kupimwa, asije akaangusha kupe uani. Ng'ombe asipewe maji kabla ya kupimwa. Ng'ombe apimwe mlangoni, mmoja mmoja, wanavyopita. Atakayefika thelathini na tisa na nusu ana homa, na mwenye homa anadungwa sindano ya dawa nyekundu ya homa na kufungiwa bomani mpaka mwenyewe alipe. Sindano ile ilikuwa na bei ya mbuzi jike. Kwa mkulima wa tambarare ya Ruzizi, mbuzi jike si kitu cha kutoa mkononi mwa mtu asiyekusalimia. Na Gaspari hakuwasalimia. Watu walisimama juani tangu asubuhi, ng'ombe zao zimetoa ulimi, ziwa linametameta mbele yao, na hakuna aliyeruhusiwa kuteka hata kopo moja. Akiuliza mtu, anaambiwa asubiri kama wenzake. Akiuliza tena, anapelekwa mwisho wa mstari.

Na mimi? Mimi nilikuwa hodari. Nilipima haraka, nikaandika kwa mwandiko mzuri, na baada ya mwezi mmoja nikagundua jambo lililonikosesha usingizi kwa furaha. Ng'ombe wa Kavimvira, ambao ni majirani zetu, karibu wote walikuwa wazima. Wa mbali kidogo walikuwa na homa kidogo. Wa Luvungi, kule juu kwenye barabara ya Bukavu, karibu wote walikuwa na homa kali. Nikachukua penseli nyekundu, nikachora ramani. Kadiri kijiji kilivyokuwa mbali, ndivyo nilivyokikoleza wekundu. Niliamini nimegundua ugonjwa mpya wa tambarare! Gaspari aliisifu ramani mbele ya watu, akaitundika ukutani karibu na kanuni zake. Nilitembea siku ile kama nimeoa.

Muzee Kashindi alisimama mbele ya ramani muda mrefu, mikono nyuma.

"Iko muzuri," alisema. "Na barabara, uliichora wapi?"

Nikamwambia barabara hazina ugonjwa. Akachukua ufagio wake, akaenda.

Nisiwafiche na upande mwingine. Sindano ile nyekundu ilikuwa kali. Ilivimbisha shingo, na ng'ombe wenye mimba, baadhi yao walitupa ndama siku chache baadaye. Mtu mmoja alirudi kutuonyesha ndama mfu, hakuja kugombana, alikuja tu ili tuone. Gaspari alimwambia ni homa iliyomtoa ndama, na bila sindano angemkosa na mama pia. Nikaandika hivyo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku ile kama siku zote, na leo nikiukumbuka naona haya.

Sasa nimefika kwa Mama Kabura.

Alikuja saa sita mchana, mwanamke wa makamo, Mrundi wa tambarare, rozari shingoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Luvungi akimwongoza ng'ombe wa rangi ya udongo aliyechechemea mguu wa mbele. Ng'ombe huyo aliitwa Gaju. Mama aliongea naye njia nzima, nadhani, maana hata mlangoni alikuwa bado anamwambia kitu sikioni.

Nikapima. Arobaini na alama tatu.

"Mwenye ng'ombe ni nani?" Gaspari aliuliza kutoka mezani kwake, bila kuinua uso. Daftari letu lilikuwa na mahali pa mwenyewe na mahali pa aliyemleta.

"Ya Muzee Nyandwi," mama alijibu. "Minye niko nachunga tu."

Nikaandika Nyandwi kwenye nafasi ya mwenyewe. Kwenye nafasi ya aliyeleta nikaandika "mwanamke." Ndivyo tulivyokuwa tukiandika.

"Sindano nyekundu," Gaspari akasema. "Bomani."

"Munganga, hana homa. Iko mguu. Na iko na mimba ya miezi saba."

"Termometre haisemi uongo. Ulipe, ndiyo utoke naye."

"Sina hiyo franga."

"Basi atabaki mpaka uipate."

Mama hakulia wala hakupandisha sauti. Alishika ukuta, akaketi chini pale nje ya uzio, akamwambia ng'ombe wake kwamba yupo. Nilitoka kumwambia arudi nyumbani kutafuta fedha, nikidhani nafanya wema. Ndipo akanieleza. Ng'ombe wa kukabidhiwa ana sheria zake. Muzee Nyandwi alimkabidhi Gaju akiwa mtamba. Maziwa ni ya mchungaji, mbolea ni ya mchungaji, ndama wa kwanza alirudi kwa mwenyewe. Ndama wa pili ni wa mchungaji, wake kabisa, hadaiwi na mtu. Gaju sasa alikuwa na mimba ya pili.

"Miaka sita niko nangoja hii mimba," alisema. "Marehemu bwana yangu aliingoja, akakufa. Kwetu hatujakuwa na ng'ombe tangu nyanya yangu. Na Gaju akikufa kwenu, minye nitabeba ngozi yake siku mbili, nimuonyeshe Muzee, ili asiseme niliuza. Ngozi na mimba ndani. Utaniandikia barua ya kuelezea hiyo, mutoto wangu?"

Kwa mara ya kwanza nilifahamu nilichokuwa naandika kwenye lile daftari.

Bahati ilikuwa moja tu. Dawa nyekundu ilikuwa imekwisha, na sanduku jipya lingefika kesho yake kwa gari la Bukavu. Gaspari alipokwenda kula, Muzee Kashindi aliteka kopo la maji ziwani, la pili, la tatu, akampa Gaju mbele ya macho yangu. Kisha akamfungulia kamba na kumpeleka nyuma ya ghala, kwenye kivuli cha ukuta.

"Muzee, kanuni," nikasema.

"Kanuni iko ukutani. Minye sijui kusoma."

Tukakaa. Aliniambia nisimguse ng'ombe, nimtazame taya tu. Mbavu zilipungua kwenda mbio. Masikio yakashuka. Baada ya muda mrefu Gaju akapiga magoti, akalala chini, akashusha pumzi, na taya likaanza kwenda upande huu na upande ule.

"Inacheua," nikanong'ona.

"Sasa pima."

Thelathini na nane na alama sita. Nilikitikisa kipimajoto, nikapima tena. Ile ile. Nikampima kwa kile kingine. Ile ile! Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Ramani yangu yote nyekundu ilinijia kichwani, Luvungi imekolea, Kavimvira nyeupe, na barabara niliyosahau kuichora. Hapakuwa na ugonjwa wowote wa tambarare. Kulikuwa na jua na mwendo. Tulikuwa tumepima urefu wa safari miezi yote ile, tukaudunga sindano, tukaulipisha. Niliona haya na nilifurahi kwa pamoja, sijui kama mtu anaweza kueleza hilo. Nilimkumbatia Muzee Kashindi, akaniambia nimwache, nanuka ng'ombe. Hayo yalikuwa masifu makubwa.

Nilimkimbilia Gaspari na daftari mkononi, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza akipangusa meno.

"Nani alikutuma kupima mara mbili?"

"Shefu, homa ilikuwa ya njiani."

"Homa inapanda na inashuka. Ya mulangoni ndiyo inahesabiwa. Kesho sanduku litafika, utamudunga. Na ukinisumbua tena utarudi kwa mama yako kuanika ndagala."

Ningeweza kuwaambia kwamba nilimjibu vikali. Sikumjibu. Nilikuwa mgeni kazini, na yeye alikuwa na ufunguo. Nilikwenda kumwambia Mama Kabura kwamba ng'ombe wake ni mzima, akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayekuletea habari ya nyumbani kwako.

"Ninajua," alisema. "Mwambie yeye."

Kesho yake sanduku lilifika mapema. Gaspari akaamuru nichemshe vyombo, Gaju adungwe mara tu baada ya mstari wa mchana. Nikachemsha. Nilichemsha bomba lile mpaka maji yakakauka, nikaongeza mengine, nikachemsha tena. Hakuna bomba lililowahi kuwa safi hivyo katika historia ya Uvira. Lakini nilijua hata kuni zina mwisho.

Muzee Kashindi hakuonekana tangu asubuhi. Kabla ya kuondoka alikuwa ameniambia neno moja tu: "Leo usipime na macho. Pima na termometre, kama Shefu anavyotaka."

Hapa niwaambie kwamba Gaspari naye alifuga. Nyuma ya dispansere alikuwa na ng'ombe mmoja mweupe aliyeitwa Madamu, mnene, anayesuguliwa mgongo kwa burashi kila Jumamosi. Maziwa ya chai ya Gaspari yalitoka kwake. Naye alikuwa na mimba changa, jambo ambalo Gaspari alilitangaza kwa kila aliyepita. Madamu hakuwahi kutembea zaidi ya kwenda ziwani kunywa na kurudi.

Mstari wa mchana ukaanza. Nikapima wa kwanza, wa pili, wa tano. Gaspari yupo ndani mezani, anaandika ninayoyatamka. Nikashika mkia wa sita au wa saba, nikaingiza kipimajoto, nikainua macho nikaona mgongo uliosuguliwa. Vumbi lilikuwa limemgeuza rangi, povu linamtoka mdomoni, lakini alikuwa yeye. Pembeni yake Muzee Kashindi ameshika kamba, amekazia macho milima. Nilitaka kucheka, nilitaka kukimbia. Nikasoma kioo.

"Arobaini na alama nne," nikatamka, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga.

"Sindano nyekundu. Bomani. Mwenye ng'ombe ni nani?"

Watu wa mstari walikuwa wameshaona. Mnyama yule na mgongo wake wa burashi, nani asiyemjua?

"Mwenye ng'ombe ni nani, Ramazani?"

"Ni weye, Shefu."

Kiti kililia sakafuni. Gaspari akatoka, kalamu ingali mkononi. Alimzunguka Madamu, akamshika sikio, akatazama povu.

"Huyu ametoka wapi?"

"Kavimvira, Shefu," Muzee Kashindi akasema. "Nilimupeleka kuchunga. Tulienda na tukarudi, mara tatu."

"Kwa hili jua? Weye uko na akili? Ng'ombe imetembea, imechoka, si unaona? Hiyo si homa. Mumupe maji, mumupeleke kwa kivuli apumuzike kwanza!"

Alikwisha kugeuka kurudi mezani. Ndipo Mama Kabura, ambaye hakuwa ameondoka pale nje ya uzio tangu jana yake, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia:

"Na yangu imetoka Luvungi."

Gaspari akasimama. Sijapata kuona mgongo wa mtu ukisikia neno namna ile. Hakuna aliyecheka, ingawa kulikuwa na watu pale wenye sababu ya kucheka mpaka Krismasi. Aliingia ndani, akafunga mlango. Muzee Kashindi akampa Madamu maji, kisha bila kuulizwa akaanza kuwapa maji wote waliokuwa kwenye mstari, na wenye ng'ombe wakaenda kumsaidia kuteka. Mimi nilihesabu vitu vyangu vya kubeba nyumbani. Vilikuwa viwili, shati na kalamu.

Mlango ukafunguka. Gaspari alikuwa na karatasi ya kanuni mkononi, ameikunja mara nne. Akaitia mfukoni.

"Ramazani. Kwa daftari, chora mustari mwingine. Ya mulangoni, na ya kivulini."

"Ndiyo, Shefu."

"Na unipe hiyo termometre."

Alikwenda bomani mwenyewe na koti lake jeupe, akapiga goti kwenye samadi, akampima Gaju. Alikiinamisha kioo juani, akakisoma, akakisoma tena. Kisha akasema, na nawaapia ilimgharimu kuliko mbuzi jike yeyote:

"Mama, ng'ombe yako haina homa."

"Nilikuambia iko mguu."

"Uliniambia," Gaspari akasema. "Jambo, Mama." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimsalimia mtu wa mstari.

Mguu tuliutibu mimi na Muzee Kashindi mchana ule ule. Tulimlaza Gaju, nikakwangua kwato kwa kisu mpaka nikaona doa jeusi, na kwa koleo nikatoa mwiba wa mgunga mrefu kama kidole changu cha mwisho. Usaha uliruka ukanipata shavuni. Nilipiga kelele ya furaha, na hamjui kazi hii mpaka usaha ukufurahishe. Iodini, kitambaa, basi. Mama Kabura alilipa bei ya iodini, fungu moja la ndagala lingetosha kuilipa, akamchukua ng'ombe wake kesho yake asubuhi kabla ya jua kuchoma.

Tangu siku ile tulipima mara mbili. Homa nyingi zilikufa kivulini. Zile chache zilizobaki zilikuwa homa kweli, na kwa kuwa zilikuwa chache tuliziangalia vizuri, tukawaponya wengi. Gaspari hakugeuka malaika. Aliendelea kunifokea mpaka siku ya mwisho, na ramani yangu aliing'oa mwenyewe akaniambia nikafungie samaki. Nikaiweka. Ninayo hadi leo. Wale waliopoteza ndama kabla ya hapo hatukuwarudishia kitu, na hilo sijalimaliza moyoni.

Miezi miwili na nusu baadaye nilitumwa Luvungi kwa baiskeli kuandikisha ndama kabla ya chanjo. Nilitembelea kila boma nikiwa na daftari mgongoni, nikimtafuta Gaju kwa macho, maana hakuna aliyekuwa ameniletea habari zake. Nilipofika kwa Mama Kabura nilikuwa nimelowa jasho, shati limenishika mwilini, uso unawaka. Nikamwona Gaju amesimama kwa miguu minne iliyonyooka. Nyuma yake kulikuwa na kitu kidogo cha rangi ya udongo kikigonga kiwele kwa kichwa. Nilitupa baiskeli chini, nikatoa kipimajoto mfukoni nikiwa bado natembea.

Mama Kabura akanizuia kwa mkono.

"Weye umetoka mbali," alisema. "Ikala kwa kivuli. Kunywa maji kwanza."

Nikaketi. Akaniletea maji kwenye kibuyu, nikanywa, akaniletea tena. Alinitazama mpaka pumzi yangu iliposhuka, na nadhani alinitazama na taya.

"Sasa pima," akasema.

Thelathini na nane na alama tano. Ndama jike, mwenye afya, siku tisa. Nikafungua daftari gotini, nikafika kwenye nafasi ya mwenyewe, na kwa mazoea mkono wangu ukaanza kuandika Nyandwi. Ukaandika herufi moja. Nikaikata.

"Muzee Nyandwi alikuja?" nikauliza.

"Alikuja. Alimushika mugongo mbele ya watu. Akasema ni ya kwangu."

"Jina lako wewe ni nani, Mama? Si la mtoto. Lako."

Alipapasa rozari yake, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Mariya Ndayizeye."

Nikaliandika kwa mwandiko wangu bora kuliko wote niliowahi kuandika. Hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe ni lipi, nikamwekea kidole. Alilitazama, kisha akaenda kumshika yule ndama shingoni, akamleta mpaka kwenye daftari, naye ndama akanyoosha ulimi akaanza kunilamba mkono. Siku ile haukuwa na chumvi ya samaki.